PostgreSQL: nani anaingia na anafanya nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mipangilio ya mtandao na logi

Ukurasa huu ni wa yule mtu ambaye ofisini anaitwa "wa IT". Leo anabadilisha wino wa printa, kesho anaulizwa kwa nini mfumo wa malipo haufunguki. PostgreSQL ni programu ya hifadhidata, na logi ni daftari lake la matukio. Mifano yote ni ya Ubuntu 24.04, ambayo huja na PostgreSQL toleo la 16, kwa hiyo mafaili ya mipangilio yako ndani ya /etc/postgresql/16/main/. Kama toleo lako ni jingine, badilisha namba hiyo tu.

Nimesakinisha, kwenye seva yenyewe inafanya kazi vizuri, lakini kompyuta nyingine za ofisi haziioni. Nimekosea wapi?

Hujakosea. PostgreSQL ikisakinishwa husikiliza mashine yake yenyewe tu, kwenye poti 5432. Hakikisha kwa macho yako:

sudo ss -ltnp | grep 5432

Ukiona 127.0.0.1:5432 peke yake, basi mlango wa nje bado umefungwa. Fungua postgresql.conf, tafuta listen_addresses, kisha andika anwani ya seva kwenye mtandao wa ndani:

listen_addresses = 'localhost,192.168.10.5'

Halafu iwashe upya kwa sudo systemctl restart postgresql. Hapa reload (kuisomesha mipangilio upya bila kuizima) haitoshi, na wengi hukwama palepale: wanabadilisha, wanafanya reload, hakuna kinachotokea, wanaanza kulaumu kebo.

Maelekezo mengi yatakuambia uweke nyota, '*', yaani isikilize kila anwani ya mashine. Kwenye seva iliyo nyuma ya ruta ya ofisi unaweza kusalimika. Kwenye seva ya kukodi yenye anwani ya IP ya hadharani, nyota hiyo inaiweka hifadhidata yako barabarani. Taja anwani unayoihitaji, basi.

Nimehariri faili, nimewasha upya, lakini thamani ni ileile ya zamani.

Huenda umehariri faili lisilosomwa. Iulize hifadhidata yenyewe, ndani ya psql (programu ya kuiandikia amri):

SHOW config_file;
SHOW hba_file;

Sababu nyingine ni ALTER SYSTEM. Amri hiyo, iliyokuja na toleo la 9.4, huandika kwenye faili la pembeni liitwalo postgresql.auto.conf, na hilo husomwa mwisho, kwa hiyo ndilo hushinda. Mwenzako akiwa aliitumia mwaka juzi akaondoka kazini, utahariri postgresql.conf mpaka uchoke. Jibu utalipata hapa:

SELECT name, setting, sourcefile, pending_restart FROM pg_settings WHERE name = 'listen_addresses';

Safu ya sourcefile inakuonyesha thamani imetoka faili gani. pending_restart ikiwa t, mabadiliko yameonekana ila yanasubiri seva iwashwe upya.

Mmoja anapata "Connection refused", mwingine anasubiri mpaka muda unaisha, wa tatu anaambiwa "no pg_hba.conf entry". Si tatizo moja?

Ni matatizo matatu, na kila ujumbe unakuambia ulipofika. "Connection refused" maana yake umeifikia mashine lakini hakuna anayesikiliza kwenye poti hiyo: rudi kwenye listen_addresses. Ukisubiri mpaka muda uishe, pakiti zako zinamezwa njiani, mara nyingi na fayawoli (kichujio cha mtandao), au anwani si sahihi. Na "no pg_hba.conf entry" ni habari njema kiasi: PostgreSQL imekusikia, imekutazama, imekukatalia kwa sababu haupo kwenye orodha ya wageni, yaani faili la pg_hba.conf. Anayepata ujumbe huu asiguse fayawoli. Haihusiki.

Hiyo pg_hba.conf inasomwaje?

Kuanzia juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoamua. Hairudi kutafuta mwingine wenye huruma zaidi. Chukua duka lenye programu ya mauzo kwenye mashine moja na watu wa ripoti kwenye mtandao wa ofisi:

local    all   postgres                   peer
hostssl  duka  duka_app  192.168.10.20/32 scram-sha-256
hostssl  duka  ripoti    192.168.10.0/24  scram-sha-256

Mstari wa kwanza unamruhusu postgres aliye kwenye seva yenyewe, kwa jina lake la Linux (peer). Mstari wa pili unasema: mtumiaji duka_app aingie hifadhidata ya duka tu, kutoka mashine moja tu (/32 ni anwani moja kamili), kwa njia iliyosimbwa, na atoe nywila. Asiyelingana na mstari wowote hukataliwa, hata kama hujaandika neno la kukataa.

Ole wako ukikuta hapo juu mstari wenye neno trust. Trust inampitisha mtu bila nywila, ajiite jina lolote. Huwa unawekwa "kwa muda" siku nywila ya postgres iliposahaulika, kisha unakaa miaka. Ukiukuta, ondoa kabla hujaendelea kusoma ukurasa huu.

Faili hili halihitaji kuwasha upya, SELECT pg_reload_conf(), inatosha. Kabla ya hapo tazama SELECT * FROM pg_hba_file_rules. Na kama kuna mstari ulioandikwa vibaya, safu ya error itakuonyesha.

md5 ina ubaya gani? Imefanya kazi miaka yote.

md5 na scram-sha-256 ni njia za kuhifadhi na kukagua nywila, na md5 imezeeka. scram-sha-256 iliingia toleo la 10 mwaka 2017, ikawa ndiyo ya kawaida toleo la 14, na toleo la 18 linakuonya waziwazi kwamba nywila za md5 zinaelekea kuondolewa. Jambo la kukumbuka: kubadilisha neno kwenye faili hakubadilishi nywila zilizokwisha hifadhiwa. Waliobaki na md5 utawaona kwa:

SELECT rolname FROM pg_authid WHERE rolpassword LIKE 'md5%';

Kila mmoja wao awekewe nywila upya ndipo umguse kwenye pg_hba.conf. Ukianza na pg_hba.conf kabla ya nywila, Jumatatu asubuhi mfumo mzima utagoma.

Mhasibu wetu anafanya kazi kwa intaneti ya simu, na anwani yake inabadilika kila mara. Nikiweka 0.0.0.0/0 nikampa nywila ngumu, si inatosha?

Haitoshi. 0.0.0.0/0 ni dunia nzima, na dunia nzima itakuja. Kuna programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikibisha poti 5432 ya kila anwani, na jina la kwanza zinalojaribu ni postgres.

Njia rahisi ni handaki la SSH, yaani muunganisho uliosimbwa unaopitisha data hadi kwenye seva. Mhasibu anafungua terminali na kuandika:

ssh -N -L 5433:localhost:5432 mhasibu@anwani-ya-seva

Kisha programu yake anaielekeza kwenye localhost, poti 5433. Uzuri wake ni kwamba listen_addresses inabaki localhost vilevile, na fayawoli haifunguliwi kwa 5432 hata kidogo. Ila ujue kwamba kwenye logi ya PostgreSQL kila anayepita handakini ataonekana ametoka 127.0.0.1. Anwani yake halisi utaikuta kwenye /var/log/auth.log, mahali SSH inapoandika.

Wakiwa watu watano au zaidi, weka WireGuard (programu ya VPN). Kila mmoja anapata anwani yake ya kudumu ndani ya mtandao wenu binafsi, tuseme 10.8.0.7, na hiyo unaweza kuiandika kwenye pg_hba.conf na kuisoma kwenye logi. Mimi napendelea hii, kwa sababu anwani ya mtu inabaki ileile awe Tandika au Tukuyu.

Nimefunga 5432 kwa ufw (fayawoli ya Ubuntu) lakini bado inafikika kutoka nje.

Je, PostgreSQL yako imo ndani ya Docker (programu inayoendesha huduma ndani ya makasha yaliyotengwa)? Docker huandika kanuni zake za mtandao zenyewe, na poti iliyotangazwa kwa -p 5432:5432 hupita bila kuiuliza ufw. Ukitazama ufw status utaona kila kitu kimefungwa, moyo unatulia, na mlango uko wazi. Tangaza hivi badala yake: -p 127.0.0.1:5432:5432. Halafu jaribu kutoka nje kabisa, kwa intaneti ya simu yako, si kutoka ndani ya ofisi.

Umeme ukikatika na kurudi, seva inawaka lakini hakuna anayeweza kuunganishwa mpaka niiwashe PostgreSQL upya. Kwa nini?

Hili linawatesa wengi. Seva imewaka haraka kuliko mtandao wake. PostgreSQL inaamka, inatafuta 192.168.10.5 au 10.8.0.1, haijapatikana bado, inaandika onyo kwenye logi ("Cannot assign requested address") na kuendelea na localhost peke yake. Anwani inapokuja nusu dakika baadaye, hairudi kuijaribu.

Dawa ni kuiambia isubiri. Andika sudo systemctl edit postgresql@.service na uweke:

[Unit]
After=network-online.target wg-quick@wg0.service
Wants=network-online.target

Kama hutumii WireGuard, ondoa wg-quick@wg0.service. Kisha zima mashine yote, uiwashe, na uangalie ss tena. Usingoje umeme ndio ukufanyie jaribio.

Muunganisho unakufa wenyewe mtu akikaa bila kufanya kitu.

Ruta njiani imemsahau. Linux kwa kawaida hungoja saa mbili (sekunde 7200) kabla ya kuuliza kama upande wa pili bado upo, na ruta nyingi hazina subira hiyo. Weka tcp_keepalives_idle = 60 na ufanye reload.

Sasa logi. Ziko wapi?

Kwenye Ubuntu na Debian: /var/log/postgresql/postgresql-16-main.log, na logrotate huzizungusha kila wiki. Kwenye mifumo mingine tafuta folda ya log ndani ya folda inayotajwa na SHOW data_directory. Na hapo logging_collector (mpangilio unaoifanya PostgreSQL ikusanye logi kwenye mafaili yake yenyewe) iwe on. Kuibadilisha hiyo kunahitaji kuwasha upya.

Nianze kuwasha zipi?

Ikija ilivyo, PostgreSQL huandika makosa na mambo yake ya ndani. Nani ameingia na ametoka saa ngapi, haiandiki. Mimi huanza na hizi:

log_connections = on
log_disconnections = on
log_line_prefix = '%m [%p] %q%u@%d %r %a '
log_statement = 'ddl'
log_min_duration_statement = 500
log_lock_waits = on
log_timezone = 'Africa/Dar_es_Salaam'

Inayosahaulika ni log_line_prefix, na ndiyo yenye thamani kubwa. %m ni saa, %p namba ya mchakato, %u mtumiaji, %d hifadhidata, %r anwani aliyotoka, %a jina la programu. Bila %u na %r una daftari la wageni lisilo na safu ya majina.

500 ni milisekunde: amri yoyote iliyochukua nusu sekunde au zaidi itaandikwa pamoja na muda wake. Mfumo ukianza kulemaa, hapo ndipo pa kwanza kutazama.

Nionyeshe mstari mmoja na maana yake.

2025-03-14 02:17:09.412 EAT [48213] postgres@postgres 203.0.113.45(51022) [unknown] FATAL:  password authentication failed for user "postgres"
2025-03-14 02:17:09.412 EAT [48213] postgres@postgres 203.0.113.45(51022) [unknown] DETAIL:  Connection matched file "/etc/postgresql/16/main/pg_hba.conf" line 131: "host all all 0.0.0.0/0 scram-sha-256"

Saa nane na dakika kumi na saba usiku, saa za Afrika Mashariki. Mtu amejiita postgres, ametoka 203.0.113.45, programu yake haijajitaja, nywila imekataa. Lakini mstari wa thamani ni wa pili, DETAIL. Huo haupelekwi kwa mgeni. Unaandikwa kwenye logi tu, kwa ajili yako. Unakuambia ni kanuni ipi iliyomfikisha hadi kwenye kuulizwa nywila: mstari wa 131. Alipaswa kugeuzwa langoni, nasi tumemkaribisha barazani. Nenda mstari wa 131, ufute.

log_statement niweke kipi: ddl, mod au all?

ddl huandika CREATE, ALTER, DROP na jamaa zake. mod huongeza INSERT, UPDATE, DELETE na TRUNCATE. all huandika kila kitu, hata kila SELECT. Kwa mfumo mzima ninaweka ddl. Kwa watu wanaoingia kwa mkono, na si kupitia programu, ninapandisha mmoja mmoja:

ALTER ROLE ripoti SET log_statement = 'all';

Itaanza kufanya kazi atakapoingia mara nyingine.

Nieleze kwa nini nasisitiza watu na si programu tu. Kuna mahali niliwahi kutunza seva, na siku moja malipo ya mteja yakaonekana yamebadilishwa kiasi. Logi ilikuwepo; nilikuwa nimewasha mod. Nikaukuta mstari wa UPDATE, saa, dakika, kila kitu. Jina la mtumiaji: postgres. Anwani: 127.0.0.1. Tulikuwa watu sita tunaotumia jina hilohilo na nywila ileile, wote tukipitia seva ileile. Kila mmoja wetu alishukiwa kwa wiki kadhaa, na mpaka leo sijui ni nani. Yule dada wa mapokezi, ambaye sidhani hata alijua UPDATE ni nini, aliacha kazi mwezi uliofuata kwa sababu ya maneno. Tangu hapo simpi mtu yeyote nywila ya postgres. Kila mtu ana jina lake:

CREATE ROLE asha LOGIN;
GRANT wahasibu TO asha;

Na mambo mawili ambayo mod haitakupa. Haionyeshi thamani ya zamani: utaona imewekwa 150000, hutaona ilikuwa ngapi. Kwa hiyo meza za fedha ziwekee triga (amri inayojiendesha data ikibadilishwa) inayonakili thamani za zamani kwenye meza ya ukaguzi. Pia haitambui kazi inayofanyika ndani ya fankisheni. SELECT futa_mteja(12) kwake ni SELECT tu. Ukihitaji ukaguzi wa kina hivyo, sakinisha pgAudit, kiongezi cha PostgreSQL cha kazi hiyo.

Logi zimejaza diski na hifadhidata imesimama!

Karibu kila mara ni all iliyoachwa ikiwaka baada ya uchunguzi. PostgreSQL ikikosa nafasi ya kuandika pg_wal (folda ya kumbukumbu za mabadiliko ya data), huzimika. Logi zikae kwenye patisheni yake ili zikijaa zijae peke yake. Kama unatumia logging_collector, ujue hukata mafaili mapya lakini haifuti ya zamani. Ukitaka siku saba zinazojirudia:

log_filename = 'postgresql-%a.log'
log_truncate_on_rotation = on
log_rotation_age = 1d
log_rotation_size = 0

Hapa %a ni jina la siku, si jina la programu kama kule juu. Wiki moja kwangu ni kidogo, kwa sababu wizi wa fedha hugundulika wakati wa kufunga mwezi. Ninahifadhi siku 90, zikiwa zimebanwa, kwenye mashine nyingine ambayo wanaoingia hifadhidata hawana ruhusa nayo.

Je, logi zinaweza kuvujisha siri?

Ndiyo. Ukiandika ALTER ROLE asha PASSWORD 'fulani' huku ddl ikiwa imewashwa, nywila hiyo imeandikwa wazi kwenye logi. Ndani ya psql tumia \password asha. Nywila husimbwa kwako kabla ya kutumwa. Vilevile amri zilizobeba majina, namba za simu au majibu ya vipimo vya wagonjwa huingia humo zima zima. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za mteja haziachi kuwa zake kwa kuwa zimehamia kwenye logi. Logi za zahanati zilindwe kama mafaili ya zahanati.

Saa za logi hazilingani na saa za kamera za ofisi.

Seva yako iko UTC, pengine imekodiwa Ulaya. Sisi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo tukio la saa nane usiku wa Ijumaa linaandikwa 23:00 ya Alhamisi, na utaitafuta siku isiyo yake. log_timezone inatibu hilo. Kisha timedatectl ikuthibitishie kwamba saa yenyewe inajirekebisha.

Nimekuta "connection authorized: user=postgres" kutoka anwani nisiyoijua. Nifanye nini sasa hivi?

Nakili logi zote kwanza, ziende mashine nyingine, kwa sababu aliyeingia hapo anaweza kuzifuta. Funga 5432 kwenye fayawoli ya kampuni inayokukodishia seva, si ndani ya mashine yenyewe. Tazama waliomo:

SELECT pid, usename, client_addr, backend_start, query FROM pg_stat_activity;

na umtoe kwa pg_terminate_backend(pid). Kwa \du angalia kama kuna jina jipya ambalo hukulitengeneza. Kisha tafuta haya kwenye logi:

grep -i "from program" /var/log/postgresql/*.log

COPY ... FROM PROGRAM huendesha amri za mfumo wenyewe, na mwenye mamlaka ya postgres anaruhusiwa kuitumia. Kwa log_statement = 'ddl' peke yake amri hiyo haiandikwi ikifaulu, kwa hiyo grep isipoleta kitu usijipe moyo. Mchukulie aliyeingia kama postgres kuwa ameshika mashine yako yote, si hifadhidata peke yake. Usijaribu kuisafisha. Jenga seva mpya, badilisha kila nywila na kila ufunguo wa SSH uliokuwa kwenye ile ya zamani, kisha rejesha bakapu ya kabla ya mstari wa kwanza kabisa wa anwani ile. Tarehe na saa ya mstari huo unazo kwenye zile logi ulizonakili.